Zinki imeshikamana, imeshikwa au imeshikiliwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia, Mbagala, Dar es Salaam. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, ila jioni huwaeleza wanafunzi upya kwa Kiswahili jinsi vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, vinavyofanya kazi. Nikifika kwenye eneo tendaji, pale ioni ya metali inapokutana na asidi amino, nababaika. Niseme zinki imeshikamana na histidini (mojawapo ya asidi amino hizo), imeshikwa, au imeshikiliwa?

JIBU: Mwalimu, yote matatu ni Kiswahili fasaha, lakini hayasemi jambo moja.

Tuanze na "shikamana". Mwishoni mwake kuna -an-, kiambishi cha kutendana: kila kimoja kimeshika kingine, hakuna mtenda wala mtendwa. Ukisema "zinki imeshikamana na histidini" kisha ukageuza "histidini imeshikamana na zinki", maana ni ileile. Kwa kemia ya hapo, hiyo ni hasara kubwa.

Chukua kaboniki anhidrasi, kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe nyekundu za damu, kinachounganisha kabonidioksidi na maji. Wanasayansi Keilin na Mann walionyesha mwaka 1940 kwamba kina zinki. Mnyororo wake kwa binadamu una asidi amino takriban 260, nao unapojikunja, histidini 3 zilizo nafasi ya 94, 96 na 119 hujikuta jirani. Kila moja huielekezea zinki atomu ya nitrojeni, na nitrojeni hiyo ndiyo inayotoa jozi ya elektroni. Zinki inapokea tu. Yupo mtoaji na yupo mpokeaji, kwa hiyo tunahitaji kauli ya kutendwa: histidini zinashika, zinki inashikwa.

Bado ningekwenda hatua moja mbele. "Shikwa" huweza kuwa kwa dakika moja tu, lakini "shikilia" ni kushika bila kuachia, ndiyo maana tunasikia kwenye taarifa ya habari kwamba mtuhumiwa anashikiliwa na polisi. Zinki haitoki hapo kirahisi. Andika "imeshikiliwa na histidini 3". Na iwe "na", si "kwa", maana histidini ndizo watenda.

Sasa maji, na hapa nakuomba sana usirudie kitenzi hichohicho. Molekuli ya maji huchukua nafasi ya nne kwenye zinki. Chaji chanya 2 za zinki huvuta elektroni za maji, nayo maji huachia protoni kwa urahisi usio wa kawaida: pKa yake (kipimo ambacho kikiwa kidogo, protoni huachiwa kirahisi zaidi) hushuka kutoka karibu 15.7 hadi karibu 7. Kinachobaki ni haidroksidi, ambayo huvamia kaboni ya kabonidioksidi. Bikaboneti inaundwa, inaondoka, maji mengine yanaingia, na mzunguko huo unaweza kufika takriban mara milioni 1 kwa sekunde. Kukaa kwa namna hiyo hapa Dar tunakuita kujishikiza. Kijana aliyetoka mkoani anajishikiza kwa mjomba wake Tandika mpaka apate chumba. Vivyo hivyo molekuli ya maji imejishikiza kwenye zinki.

Kabonidioksidi yenyewe haijashikwa wala haijajishikiza. Hukaa tu kando, upande wenye asidi amino zisizopatana na maji, kama valini na leusini. Kitenzi "kaa" kinatosha.

"Shikamana" usiitupe. Itumie kwa nyuzi za protini hiyo zilizolala sambamba, ambazo zimeshikamana kwa vifungo vya hidrojeni katika urefu wake wote. Pale kila uzi unatoa na kupokea, hivyo hakuna wa kumwita mtenda.

Na kwa kuwa umeandika "asidi amino", endelea hivyohivyo. Jina hutangulia, sifa hufuata, na wingi wake ni "asidi amino hizi". Wanafunzi wakiandika "amino asidi", warudishe kwenye mpangilio huo.