Mlango mmoja mpya, kabati la zamani: maswali na majibu

Mlango wa kabati chini ya sinki uliliwa na maji. Fundi kanitengenezea mwingine wa mninga kama ile ya zamani, lakini unaonekana mwekundu na mweupe-mweupe, wenzake ni kahawia iliyokolea. Nipake rangi gani? (Morogoro)

Usinunue rangi ya mbao (ile inayopenya, si ya kufunika) kwanza. Osha mlango mmoja wa zamani kwa maji vuguvugu na sabuni, kisha ufute kwa kitambaa. Jikoni mafuta ya kukaangia na moshi hujenga utando, hasa karibu na mshikio, na mara nyingi huo weusi mnaohangaika kuufuata ni uchafu tu.

Huo weupe ni ubao wa nje wa mti. Kiini cha mninga ndicho chenye rangi. Fundi makini huuondoa, au huupaka peke yake kabla ya kugusa sehemu nyingine.

Sasa mwombe fundi masalia ya mbao ileile. Yapige msasa namba ileile itakayotumika mlangoni, tuseme 180, maana ubao uliolainishwa zaidi hunywa rangi kidogo na hutoka mweupe. Paka rangi, iache ikauke, halafu paka vanishi juu. Rangi isiyo na vanishi inadanganya, na hapa ndipo wengi huharibu kazi. Simamisha kipande hicho kando ya mlango wa zamani, jikoni kwako, si karakana. Kitazame mchana, kisha usiku taa ikiwaka. Ukisitasita kati ya rangi mbili, chukua iliyo nyepesi: kuongeza mkono mmoja ni rahisi, kupunguza ni kurudi kwenye msasa.

Nilihamisha bawaba nikaziba matundu kwa pati. Baada ya kupaka rangi, madoa yote yanaonekana. (Mombasa)

Pati hainywi rangi kama mbao. Paka mkono mmoja wa vanishi, ukikauka chukua brashi nyembamba ya kuchorea, uguse doa kwa rangi na kuendeleza mistari ya mbao juu yake, kisha funika kwa vanishi tena. Tundu kubwa lizibe kwa kijiti cha mbao ileile, mistari ikielekea upande mmoja. Gundi iliyomwagika ifute ikiwa mbichi. Ikikauka, rangi haipenyi hapo.

Rangi imelingana, lakini mlango mpya bado unajitenga. (Nairobi)

Ni mng'ao. Vanishi ya milango ya zamani imefifia kwa kusuguliwa. Huo mpya upake mkono wa mwisho wa vanishi isiyong'aa sana. Angalia pia kama ya zamani ni ya mafuta: hiyo huwa ya njano kadiri inavyokaa, ilhali ya maji hubaki angavu.

Msindano unaweza kufanywa ufanane na mninga? (Iringa)

Kwa mbali, ndiyo. Hunywa rangi kwa mabaka, kwa hiyo utangulize vanishi iliyozimuliwa sana. Mimi ningenunua mninga.

Mlango wangu mpya ni mvule, wa njano kabisa. Nisubiri? (Tanga)

Subiri, kama tofauti si ya kutia aibu. Mvule uliopasuliwa karibuni huwa wa njano na hukolea kuelekea kahawia ukipata mwanga. Ukiutia rangi ya kuwafikia wenzake leo, utaendelea kukolea na kuwapita. Paka vanishi tupu, na ukitumia tina (kiyeyusho cha vanishi) humo jikoni, zima jiko la gesi na ufungue madirisha.