Kabla ya Kuishangilia Sayari, Ijue Nyota Yake

Wadogo zangu wanaonifuata hapa Kigoma wakitaka kutafuta sayari za mbali, zinazozunguka nyota nyingine, huuliza kwanza bei ya darubini. Darubini isubiri. Data za TESS, satelaiti inayopima mwanga wa nyota, iliyorushwa mwaka 2018, ni za bure, na faili la nyota moja halimalizi bando.

Anza na nyota iitwayo HD 189733. Sayari yake iligunduliwa mwaka 2005, ni kubwa kidogo kuliko Mshtarii, na huizunguka nyota kila baada ya siku 2.2. Ikipita mbele, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 2.4. Shimo hilo kwenye grafu ya mwanga wa nyota utaliona bila hesabu yoyote.

Sasa tazama nje ya shimo. Mstari unapanda na kushuka polepole. Hayo ni madoa: usumaku wa nyota umezuia joto lisifike juu, sehemu hiyo imepoa na kufifia, na nyota inajizungusha kwa siku kama 12. Wageni wengi hukimbilia kuunyoosha mstari huo. Funika kwanza saa za mpito, yaani saa ambazo sayari inapita mbele ya nyota, ndipo unyooshe. Usipofunika, programu italila shimo lenyewe na sayari itasinyaa.

Wakati mwingine ndani ya shimo kuna kivimbe. Kitunze! Sayari imepita juu ya doa, imeziba mahali palipokuwa hafifu tayari, ndiyo maana mwanga umerudi kidogo. Mimi hakuna kinachonifurahisha kama hicho: unaliona doa kwenye nyota ambayo hata kwa darubini kubwa ni nukta tu. Madoa yasiyopitiwa ndiyo magumu, maana hayaachi alama. Yanafifisha nyota nzima, njia ya sayari inabaki angavu kuliko wastani, shimo linaonekana refu, nawe unaandika sayari kubwa kuliko ilivyo.

Sayari pia hutafutwa kwa kuyumba kwa nyota, maana sayari huivuta nyota yake; kuhusu hilo someni habari ya nyota HD 166435. Iliyumba kila siku 3.8, sawasawa kama yenye sayari kubwa. Mwaka 2001 mwanaastronomia Didier Queloz na wenzake walionyesha kuwa mwangaza wake nao ulibadilika kwa siku hizo hizo. Yalikuwa madoa. Kwa hiyo pima kwanza nyota inajizungusha kwa siku ngapi. Namba hiyo ikilingana na ya "sayari" yako, usimtangazie mtu; mpe mwenzako data zile zile azichambue upya bila kumwambia ulichopata.