Kabla Hujaandika "Kocha Aondoke"

Jumapili ya Novemba 5, 2023 nilikuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, jezi nyekundu ya Simba mwilini, nimetoka Morogoro na basi la alfajiri. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1. Kennedy Musonda alitufunga dakika ya tatu, Kibu Denis akasawazisha, na jukwaa letu likaimba hadi sauti zikatukauka. Kipindi cha pili Max Nzengeli akafunga. Aziz Ki akafunga. Nzengeli tena. Pacome akamalizia kwa penalti. Tano kwa moja, na aliyetufunga ni mtani wetu, Yanga.

Tulianza kutoka kabla ya filimbi ya mwisho. Kwenye basi la kurudi nikafungua kundi letu la WhatsApp la wana-Simba wa mtaani na kuandika maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimtukana kocha wetu Robertinho, nikamtukana aliyemleta, nikataka asilale Dar es Salaam usiku ule. Wenzangu wakapokea, kila mmoja akaongeza lake. Novemba 7 klabu ikatangaza kuachana naye. Kundi zima likashangilia, na mimi nikashangilia kama vile tumerudisha yale mabao manne.

Naandika haya kwa ajili ya shabiki ambaye leo yuko pale nilipokuwa mimi siku ile. Timu yako inapoteza, kocha akihojiwa anasema yaleyale ya wiki iliyopita, na wewe moyoni umeshamwondoa. Sikuambii umtetee. Nataka tu nikueleze nilichojifunza mwaka mmoja na nusu baada ya lile basi.

Kwanza, usiku wa mechi usiseme kitu kuhusu kocha. Hasira ya kufungwa inafuta kumbukumbu. Robertinho yuleyule niliyemtukana aliwafunga Yanga 2-0 mwezi Aprili mwaka uleule. Agosti, pale Mkwakwani Tanga, tuliwatoa kwa penalti na kubeba Ngao ya Jamii. Msimu ule tulikuwa hatujapoteza mchezo wa ligi hadi siku hiyo. Na wiki chache tu nyuma tulikuwa tumetoka sare mbili na Al Ahly, 2-2 hapa na 1-1 Cairo, tukatolewa kwa bao la ugenini. Yote hayo niliyajua, hakuna aliyenificha. Lakini ndani ya lile basi hata moja halikunijia.

Sisemi alikuwa hana kasoro. Hata tulipokuwa tunashinda, vijiweni watu walilalamika kwamba timu haichezi, inapata tu matokeo. Huenda walalamikaji walikuwa sahihi. Ila mimi siku ile sikuwa nimefikia uamuzi wowote. Nilikuwa nimeumia, nikaiita hali hiyo uamuzi.

Sasa nimejiwekea siku tatu. Mechi ikiisha Jumapili, kuhusu kocha nazungumza Jumatano. Mara nyingi Jumatano ikifika, yale niliyotaka kusema nusu yake naona hayana maana, na nusu iliyobaki ndiyo ya kuzungumza.

Kuna jambo la nyumbani ambalo linaniuma zaidi ya lile la kundini. Nilifika usiku sana na sikumsalimia mtu. Asubuhi mwanangu, wakati huo ana miaka sita, akauliza tumefungwa ngapi. Nilimkaripia. Baadaye mama yake akaikuta jezi yake ndogo nyekundu imefichwa chini ya godoro. Mtoto alidhani baba amekasirishwa na jezi. Nilikaa naye chini nikamwomba radhi, akakubali haraka kama watoto wanavyokubali, lakini wiki mbili nzima hakuivaa. Kama una watoto wanaopenda timu kwa sababu yako, jua kwamba hawafuatilii msimamo wa ligi. Wanakufuatilia wewe uso.

Wiki ile nilikwenda kwa mjomba wangu. Yeye ni Yanga tangu ujana wake, na nilijua atanitania hadi nikome. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, na badala ya utani akaniuliza swali moja.

"Mjomba, mmeshamfukuza. Haya, anayekuja ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepiga kelele siku mbili kutaka mtu aondoke na sikuwahi kujiuliza hata mara moja nani anakuja, anakuja lini, na atafundisha wachezaji gani maana dirisha la usajili lilikuwa limefungwa.

Akaja Abdelhak Benchikha. Tulimpokea kwa furaha ya pekee, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kocha wa USM Alger ya Algeria walipowanyima Yanga Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Aprili 2024 akaondoka, ikaelezwa ni kwa sababu za kifamilia. Juma Mgunda akaokoa jahazi hadi mwisho wa msimu. Tukamaliza wa tatu. Tulilingana pointi na Azam, wakatuzidi kwa mabao, na tiketi ya Ligi ya Mabingwa ikawa yao. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja, na tuliishia chini ya pale alipotuacha yule wa kwanza.

Kwa hiyo shauri langu la pili ni hilo swali la mjomba. Kabla hujasema aondoke, taja jina la anayekuja. Siyo jina kubwa la kwenye runinga. Mtu anayeweza kuja kweli, kwa fedha iliyopo, kuwafundisha hawa waliopo. Ukishindwa kumtaja, ulichonacho ni kilio, na kilio si dhambi, lakini kiite kilio.

Mimi ni Arsenal pia, na huko ndiko nilikoaibika zaidi, ingawa somo lake nililielewa kwa kuchelewa. Desemba 2020 kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu nilikuwa nasimama mbele ya watu na kusema kocha wetu Arteta amekwisha. Wolves walikuwa wametufunga nyumbani, Tottenham 2-0, Burnley 1-0 palepale Emirates, Everton 2-1. Tukawa nafasi ya 15. Desemba 26 akaja Chelsea, Arteta akawaanzisha Saka, Smith Rowe na Martinelli pamoja, tukashinda 3-1. Bado tukamaliza wa nane. Msimu uliofuata tukaanza kwa vipigo vitatu bila kufunga bao, cha tatu kikiwa 5-0 kwa Manchester City, tukawa mkiani kabisa mwa ligi. Nikarudia maneno yangu kwa sauti kubwa zaidi.

Tulimaliza wa tano. Kisha tukawa wa pili misimu mitatu mfululizo, kuanzia 2022/23 hadi 2024/25.

Niliporudi kutazama takwimu za ule msimu wa nafasi ya nane nikakuta kitu ambacho sikuwahi kukiangalia. Arsenal ilifungwa mabao 39. Timu mbili tu kwenye ligi nzima, Manchester City na Chelsea, zilifungwa machache zaidi. Yaani kocha alikuwa ameshajenga ukuta na bado hajapata wa kufunga mabao. Mimi nilikuwa nikisoma msimamo wa ligi tu, na msimamo unakuambia ulipo, haukuambii unakoelekea.

Tangu hapo nina daftari. Ni daftari la shule la kawaida, naliweka juu ya friji. Kila bao tunalofungwa naandika limekujaje: kona, krosi ya upande upi, mpira tuliopoteza katikati, kosa la mtu mmoja, au watu walisimama tu wakitazama. Naandika pia tulichofanya dakika kumi baada ya kufungwa. Hapo ndipo kocha anapoonekana. Timu yenye kocha ikifungwa inarudi kwenye mpango wake, mabeki wanaanza tena kucheza kama walivyofundishwa. Timu ambayo haimsikilizi kocha wake tena, kila mtu anaanza kucheza peke yake, mipira mirefu, mikono inarushwa, huyu anamlaumu yule. Naangalia na anayetolewa: anakwenda benchi akiwa ameinama lakini anampa kocha mkono, au anapitiliza?

Baada ya mechi nane hivi, soma ulichoandika. Mabao yakiwa ya kila aina, leo bahati mbaya, kesho kosa la kipa, keshokutwa penalti ya utata, mpe kocha muda. Lakini ukikuta bao lilelile, krosi ileile kwenye nguzo ya mbali, beki yuleyule ameachwa peke yake mwezi wa kwanza hadi wa tatu na hakuna kilichobadilishwa mazoezini, hapo una haki kabisa ya kusema imani imekwisha. Utaisema bila kumtukana mtu, kwa sababu utakuwa na cha kuonyesha.

Mjomba aliniuliza kuhusu Gamondi, aliyekuwa kocha wa Yanga, na lazima niwe mkweli hapa. Novemba 2024 Yanga walifungwa na Azam 1-0, kisha Tabora United 3-1, ndani ya wiki moja. Miguel Gamondi alikuwa amewapa ubingwa msimu uliotangulia na kuwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Akaondolewa. Mjomba, yeye aliyenifundisha swali lile, safari hii alikuwa mstari wa mbele kutaka aondoke. Na Yanga wakachukua ubingwa! Akanipigia simu kunikumbusha.

Nilimjibu hivi, na bado naamini: Sead Ramovic aliyekuja baada ya Gamondi aliondoka Februari, na aliyemaliza nao ni Miloud Hamdi. Nao makocha watatu, kama sisi mwaka uliotangulia, lakini wao kombe na sisi nafasi ya tatu. Tofauti ilikuwa kikosi. Walikuwa na wachezaji wanaoweza kushinda mechi hata benchi likiwa linayumba. Kwa hiyo kabla ya kumpima kocha, pima alichopewa. Waliosajiliwa, aliwaomba yeye au aliwakuta uwanja wa ndege? Aliyeuzwa amezibwa pengo lake? Mashabiki tunapenda kumlaumu kocha kwa sababu ndiye mtu mmoja tunayeweza kuona uso wake kila wiki. Wanaosaini usajili hatuwaoni.

Hapo ndipo penye ushauri ambao watu wengi hawaupendi kwa sababu unagharimu. Simba na Yanga ni klabu za wanachama. Zina matawi, zina mkutano mkuu, na mwenye kadi iliyolipiwa ana haki ya kusimama na kuuliza. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa shabiki wa jezi na bando la intaneti. Nikalipia kadi, nikaanza kwenda tawini. Kikao cha kwanza nilisikiliza tu. Cha pili nikasimama na daftari langu na kuuliza kuhusu upande wetu wa kushoto. Wazee wawili wakaniunga mkono, mmoja akanipinga kwa hoja nzuri sana kuliko yangu. Sijui kama swali lile lilifika juu. Lakini nilirudi nyumbani mwepesi, jambo ambalo matusi hayajawahi kunifanyia.

Na kuhusu fedha, nitasema kwa ufupi maana ni kidonda cha vijana wengi. Usibeti ukiwa na hasira na kocha. Wapo wanaoweka mkeka timu yao ifungwe, eti ikifungwa angalau nipate cha kujifariji. Nimemwona kijana wa karibu yangu akipoteza ada ya chuo namna hiyo, na siku timu iliposhinda hakuweza kufurahi. Timu yako ikishinda na wewe ukalia, umepoteza kitu ambacho hakuna kocha mpya atakurudishia.

Mei 25, 2025 tulicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane, marudiano pale Amaan, Zanzibar. Kocha wetu Fadlu Davids alikuwa ametufikisha fainali, lakini tulikuwa tumefungwa 2-0 Morocco. Nilitazama nyumbani na mwanangu, kavaa jezi mpya maana ile ya zamani imeshambana. Mutale akafunga mapema, tukarukaruka sebuleni. Kisha Kagoma akapewa kadi nyekundu, na mwishoni kabisa wakasawazisha. Kombe likaenda.

Simu ilikuwa inalia mfululizo. Kundini walikuwa wameshaanza na Fadlu, na maneno yalikuwa yaleyale ya kwenye lile basi, na mengine nakiri nilitamani kuyaandika. Nikaipeleka simu chumbani nikaichomeka chaji, nikarudi sebuleni. Mwanangu akauliza kama mwakani tutacheza tena fainali. Nikamwambia twende tukale.

Jumatano jioni nikafungua daftari. Mabao ya Morocco yote mawili yaliingia ndani ya dakika 15 za kwanza. Nikarudi nyuma kurasa kadhaa, kisha nikaandika kundini: "Ndugu zangu, kwa nini tukienda ugenini tunachelewa kuamka? Nani anakumbuka dakika 15 za mwanzo za mechi zetu nyingine za nje?" Wa kwanza kujibu alikuwa yule aliyekuwa anatukana kuliko wote Jumapili. Tulizungumza hadi saa sita usiku.