Namba zinazopepesa kwenye konsoli: acha kufuta skrini

Mkuu, umesema programu yako ya C ya mizani inapepesa kwenye konsoli (dirisha la maandishi matupu) kila uzito ukibadilika, na umeshauriwa ununue laptopu yenye kasi zaidi. Usinunue. Kompyuta haina kosa.

Nimekutana na hali hiyohiyo kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Igurusi, Mbeya. Karani yuko mbele ya skrini tangu asubuhi, magunia yanapita, macho yanachoka mpaka 98 inasomwa 96. Kilo mbili hizo ni za mkulima, kwa hiyo usikubali mtu akuambie hili ni suala la urembo.

Chanzo ni ile system("cls"), amri ya kufuta skrini, uliyoiweka ndani ya mzunguko (loop). Kila mara inaanzisha programu nyingine, inafuta kila kitu, ndipo printf zako, yaani amri za kuandika, zianze kuandika mstari mmoja mmoja. Jicho linanasa ule utupu wa katikati.

Tenga kwenye kumbukumbu safu mbili za herufi (array) zenye ukubwa wa dirisha: moja ya mbele, moja ya nyuma. Dirisha la 80 kwa 25 ni herufi 2,000 tu, mzigo mdogo mno. Andika kila kitu kwenye safu ya nyuma bila kugusa skrini. Ukimaliza, ilinganishe na safu ya mbele, yaani kile kinachoonekana sasa, na penye tofauti tu ndipo upeleke kielekezi (cursor, alama ya mahali pa kuandika) na kuandika upya. Mabadiliko yote yakusanye kwenye bafa moja (hifadhi ya muda), uyatume kwa mkupuo kwa fwrite moja, kisha fflush iyasukume mpaka kwenye skrini. Kisha badilisha pointa (anwani) za safu hizo, ya nyuma iwe ya mbele na ya mbele iwe ya nyuma. Hapa wengi wanateleza: safu ya nyuma sasa ina picha ya zamani, hivyo ijaze nafasi tupu kabla ya kuandika tena, la sivyo 1050 ikishuka kuwa 98 utaona 9850.

Kwenye Windows unaweza pia kutumia WriteConsoleOutput, kitendaji cha Windows yenyewe, inapokea mstatili mzima wa herufi pamoja na rangi zake. Ukipendelea misimbo ya ANSI (amri za skrini zinazoanza na herufi ESC) kwenye Windows 10, washa kwanza mpangilio wa konsoli uitwao ENABLE_VIRTUAL_TERMINAL_PROCESSING. Kwenye Linux, maktaba ya ncurses inakufanyia ulinganisho wote huu yenyewe.

Ficha kielekezi kwa ESC[?25l na ukirudishe kwa ESC[?25h, hata mtu akitoka kwa Ctrl+C. Na kona ya chini kulia iache wazi. Terminali nyingine zikiandikiwa herufi hapo husogeza skrini nzima juu mstari mmoja.