Chagua Siku Moja, Usiihamishe: Ushauri kwa Wanaotaka Kupiga Jazi Mtaani

Kijana mmoja wa Likasi, mji wa huku Katanga nchini Kongo, mpiga gitaa, ameniandikia ujumbe akiniita mama kwa heshima, kisha akaniuliza bila kuzunguka jambo ambalo wengi huniuliza kwa kuzunguka: wafanye nini, yeye na wenzake, ili wapige jazi mbele ya watu mara kwa mara, bila mfadhili, katika mji ambao wenye baa wanataka sebene ya kudansia na makanisa yanataka nyimbo za sifa. Nilianza kumjibu kwa simu, lakini jibu likarefuka, nikaona heri niliandike hapa, kwa kuwa najua ninyi mnaonisoma mna shida ileile. Kila mmoja wenu ana ala nyumbani na nyimbo alizojifunza ambazo hajapata pa kuzipigia.

Jibu langu ni hili: chagueni siku moja ya juma, mahali pamoja, katika mtaa mnaokaa, na msiihamishe siku hiyo kwa sababu yoyote. Mengine yote ninayoyaandika yanarudi hapo.

Siku yetu ni Alhamisi. Tunapiga Katuba, hapa Lubumbashi, katika lupango, yaani kiwanja cha nyumba, aliouacha marehemu baba yangu, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili na nusu usiku, na hatuvuki hapo, kwa sababu baada ya saa hizo taksibasi huwa chache na wazazi wa mabinti tunaowafundisha huanza kupiga simu. Baba alikuwa akipuliza trombone katika bendi ya wafanyakazi wa mgodi, nami nilirithi kwake sikio na ukaidi, ingawa ala yangu ni tarumbeta. Miaka ya kujifunza siisimulii. Ni mazoezi tu, na majirani wanaolalamika.

Kabla ya Katuba tulikuwa tukipiga katika baa moja ya katikati ya mji ambayo sitaitaja. Mwenye baa alitupokea vizuri, ingawa swali lake la kwanza kwangu lilikuwa kama mwenye bendi ni mume wangu, na la pili lilikuwa kama nitaimba. Nikamwonyesha tarumbeta. Jioni moja mpiga saksofoni wetu alikuwa katikati ya solo yake, amefumba macho, mishipa ya shingo imemtoka, ndipo mhudumu alipoagizwa kuwasha televisheni kubwa iliyotundikwa juu ya kichwa cha mpiga ngoma, kwa kuwa mechi ilikuwa imeanza. Ukumbi mzima ukatugeukia, au tuseme ukageukia sehemu iliyo juu yetu kidogo. Goli lilipofungwa watu wakasimama na kushangilia, na kijana wetu, akidhani anashangiliwa yeye, akafumbua macho na kuinama kushukuru. Nilimwona alipoinua kichwa na kugundua wanatazama wapi. Mwenye baa yule sijamsamehe, na sioni haraka ya kufanya hivyo.

Ndiyo maana nasema mahali pawe penu. Siku ya baa ni ya mwenye baa, na akipata mechi, harusi au bendi ya sebene, ninyi mtaondoka. Lupango hauna televisheni. Msidhani kwamba kupiga nyumbani ni kujishusha, kwa sababu jazi yenyewe imelelewa majumbani. Huko Harlem, New York, katika miaka ya 1920, wapangaji walioshindwa kulipa kodi ya nyumba waliwaalika watu sebuleni kwao kwa kiingilio, wakamweka mpiga piano kama James P. Johnson au Fats Waller, na kodi ikapatikana asubuhi. Huko New Orleans, Preservation Hall ilianza mwaka 1961 katika chumba kikuukuu kisichouza pombe wala chakula, wasikilizaji wakikaa kwenye mabenchi au sakafuni, na wanamuziki wazee waliokuwa hawaitwi tena popote wakapata pa kupigia.

Kuhusu siku isiyohamishwa, mfano ninaoupenda ni wa Village Vanguard, klabu iliyofunguliwa mwaka 1935 jijini New York. Mwezi wa Februari 1966 Thad Jones na Mel Lewis waliingiza humo bendi kubwa ili ipige siku za Jumatatu, usiku ambao wanamuziki wengi hawakuwa na kazi. Waanzilishi wote wawili wamekwisha kufariki, lakini bendi inaendelea kupiga Jumatatu. Mtu akishajua kwamba Jumatatu kuna muziki, hahitaji tangazo. Katuba ni hivyohivyo: sibandiki karatasi ukutani wala silipii matangazo ya redio. Mama anayeuza mkaa kwenye kona ndiye huwaelekeza wageni, na huwaambia hata nani atapiga.

Sisi Walushi, watu wa Lubumbashi, tuna udhaifu mmoja, nao ni kumsubiri mgeni mkubwa. Mwezi wa Novemba 1960, jimbo letu la Katanga likiwa limejitenga na Kongo tangu tarehe 11 Julai ya mwaka uleule, Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa Marekani, alifika Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, katika ziara iliyoandaliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Baba alizungumzia ziara ile hadi alipokufa, na wazee wengine wa rika lake huizungumzia kana kwamba ilikuwa jana. Nami nawaheshimu, lakini kila nikiwauliza kama baada ya Armstrong kuondoka kuna kijana aliyepewa tarumbeta, hubadilisha mazungumzo. Mambo hayajabadilika sana. UNESCO iliitangaza tarehe 30 Aprili kuwa Siku ya Kimataifa ya Jazi mwaka 2011, na tangu ianze kuadhimishwa mwaka 2012 nimeona jinsi simu yangu inavyolia mwezi wa Aprili. Ofisi moja ilitualika, ikatupiga picha nyingi, ikaziweka picha hizo katika ripoti yake, na nauli ya kurudi Katuba tukajilipia wenyewe. Tarehe 1 Mei hakuna anayekumbuka kwamba mna midomo inayopuliza. Alikweni, nendeni, lakini Alhamisi yenu isiguswe.

Kijana wa Likasi aliniuliza pia atawatoa wapi wapuliza ala. Mwanangu, watafute makanisani. Kanisa la Kimbangu lina bendi za matarumbeta na matrombone zenye nidhamu ambayo hutaikuta baa yoyote, na Wamethodisti na Jeshi la Wokovu nao wana wapulizaji wao. Ila fahamu jambo moja: Wakimbangu hawanywi pombe wala hawachezi dansi, na mpiga trombone wetu bora ni wa kwao. Angekuja mara moja tu kama tungekuwa tunauza bia. Kwa hiyo lupango wetu unauza chai, vitumbua na munkoyo mbichi, kinywaji cha mahindi, ambao haujachacha. Walevi hawatusumbui, na shefu wa kartye, yaani mkuu wa mtaa, ambaye mwanzoni alitutilia shaka, sasa huja na mkewe na kukaa mbele.

Hapa lazima niseme jambo la ufundi, maana nimeona bendi changa zikivunjika kwa sababu yake. Wapulizaji na wapiga gitaa hawaziiti noti kwa jina moja. Gitaa likipiga do, tarumbeta yangu lazima ipige re na saksofoni ya alto ipige la, ndipo sauti inakuwa moja. Asiyelijua hili atadhani mwenzake hajui muziki, na ugomvi utaanza kabla ya wimbo. Sisi hufungua kila Alhamisi kwa bluzi ya vipimo 12 katika ufunguo wa si bemoli, ambayo kwangu inakuwa do na kwa alto inakuwa sol, na mgeni yeyote aliyetoka katika bendi ya kanisa anajua pa kuingilia. Wapiga gitaa hununa, kwa kuwa wamezoea mi na la. Wanune. Wao wana kapo ya kubania nyuzi, sisi tuna midomo. Kila mtu anapata mizunguko miwili ya solo, kisha anampisha mwenzake, hata kama ni fundi, hata kama mama yake yupo anamsikiliza.

Mpiga ngoma ndiye aliyenichosha zaidi. Alitoka katika kanisa la uamsho akiwa na mikono yenye nguvu na hamu ya kuijaza kila nafasi. Nikamwambia aziache ngoma zote, abaki na tuazi, ile sahani ya mkono wa kulia, na zile sahani mbili za mguu, na mguu uzifunge kwenye pigo la pili na la nne tu. Alikaa hivyo bluzi nzima, jasho likimtoka kama mtu aliyekatazwa kuzungumza msibani. Leo wapiga ngoma wa mjini huja kumtazama mguu.

Kuhusu nyimbo, msianze na zile ngumu mlizozisikia kwenye mtandao. Wewe wa Likasi hasa huna sababu ya kwenda mbali, kwa maana ni mjini kwako, wakati ukiitwa Jadotville, ambako Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jean Bosco Mwenda mwaka 1952, akipiga gitaa la mti kwa kidole gumba na cha shahada, na muziki ule ukasikika duniani. Mpiga gitaa wetu hufungua sehemu ya pili kwa mtindo huo wa Mwenda na Edouard Masengo, watu wanaitikia, halafu sisi wapulizaji tunaingia polepole na kuanza kuugeuza wimbo. Mzee ambaye angeondoka anabaki, kwa sababu anataka kujua tunaupeleka wapi wimbo wake. Wazee wengine huja wakitegemea rumba, kwa kuwa walikulia kwenye bendi za rumba, African Jazz ya Kabasele na OK Jazz iliyoanza mwaka 1956. Nao wapewe rumba moja kabla ya mapumziko. Haiwaui.

Fedha zisifichwe. Kiingilio chetu ni bei ya chupa moja ya soda, na watoto wa avenyu hawalipi. Bakuli hukaa juu ya meza mbele ya watu. Usiku unapoisha tunatoa kwanza petroli ya jenereta, halafu sehemu ndogo ya likelemba, yaani mfuko wa kuchangiana, ya ala, na kinachobaki tunakigawa sawasawa, mezani palepale, mimi mwenye lupango nikipata kama mpiga besi. Asiyekuja hapati, awe fundi kiasi gani. Likelemba hiyo ndiyo hununua nyuzi za gitaa na anshi za saksofoni, yaani zile ndimi za mwanzi, ambao mwingi hulimwa kusini mwa Ufaransa. Kwetu huzipata kwa wafanyabiashara wanaopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nao hutuuzia kwa bei wanayotaka. Anshi ikipasuka hakuna saksofoni, kwa hiyo nunueni kabla hamjaishiwa. Umeme ukikatika na jenereta ikigoma hatumrudishii mtu fedha wala hatuahirishi, kwa kuwa tarumbeta na trombone hazina waya.

Mtaachwa pia, jiandaeni. Mmoja wa tulioanza naye alihamia Kinshasa, na nikamsikia redioni akieleza kwa utulivu kabisa kwamba yeye ndiye aliyeanzisha Alhamisi za Katuba. Namtakia mema. Alipokuwa akihojiwa sisi tulikuwa tukifunga vipaza sauti, maana ilikuwa Alhamisi, na kwenye kiti chake alikuwa amekaa binti wa miaka 16 ambaye sasa anapiga besi kuliko yeye. Nasema haya bila uchungu, au kwa uchungu kidogo.

Vijana, acheni kuniambia kwamba mtaanza mkipata piano, au mkipata ukumbi, au mkimpata mzungu wa kuwaandikia mradi. Mradi una tarehe ya kuisha. Msiniambie pia kwamba watu wa mtaani hawaelewi jazi; watu wa mtaani hawajawahi kuulizwa. Waulizeni kila juma, siku ileile, saa ileile, kwa mwaka mzima, mvua ikinyesha hamieni barazani, wakija watu wanne pigeni kana kwamba barabara imejaa, ndipo mje kuniambia wamejibu nini.

Wanaotaka kuona tunavyofanya, Alhamisi mlango uko wazi, na anayetaka kupiga afike kabla ya saa kumi na moja ili tumpange. Tarumbeta ya kuazima ipo. Kidomo chake kila mtu aje na cha kwake.