Alfajiri zinanipita, nimeanza kufunga sunna: nianzie wapi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 16, kidato cha tatu, Tanga. Usiku nakesha na simu mpaka saa nane, na Alfajiri hunipita siku nyingi. Mama akija kuniamsha namjibu vibaya, halafu najuta mchana kutwa. Nimeamua kutubu: nafunga Jumatatu na Alhamisi, na nataka nianze kuswali usiku. Kaka yangu anasema nianze na kulala mapema. Je, kulala nako ni dini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Majuto yako yamenifurahisha, maana moyo uliokufa haujuti. Lakini kaka yako amesema kweli.

Abdullah bin Amr bin Al-Aas, radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake, naye alikuwa kijana. Akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata habari alimwita, akamwambia afunge na afungue, asimame na alale, kwani mwili wako una haki juu yako, na jicho lako lina haki juu yako. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Abdullah akasema ana nguvu za zaidi ya hapo, akaomba aongezewe mpaka akapewa funga ya Nabii Daud, siku kufunga na siku kula. Alipozeeka akawa akisema: laiti ningeikubali ruhusa ya Mtume! Basi ikiwa aliyekesha kwa ibada aliambiwa jicho lina haki, itakuwaje kwa aliyelinyima jicho haki yake kwa ajili ya simu?

Hebu tuhesabu. Madaktari wanasema rika lako linahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Ukilala saa nane, adhana ikakukuta karibu na saa kumi na moja, umepata saa tatu tu. Hapo ndipo ulimi unapomkwaruza mama, naye Allah amekukataza hata kumwambia "Ah!" katika Suratul Israa. Mtume ametufundisha kuwa shetani humfunga aliyelala mafundo matatu kisogoni: akiamka akamtaja Allah hufunguka la kwanza, akitawadha la pili, akiswali la tatu, akapambazukiwa mchangamfu na nafsi njema. Asipofanya hivyo huamka mvivu, nafsi yake mbaya. Ukali unaoulalamikia, mwanangu, unaanzia hapo kitandani.

Ama hukumu: aliyepitiwa na usingizi bila kuzembea hana dhambi, na kafara yake ni kuiswali mara anapoamka, kabla ya chai na kabla ya sare ya shule. Lakini anayejua kuwa kukesha kutamkosesha swala, na bado akakesha kwa simu, huyo amezembea. Tubu kwa hilo. Alfajiri zilizokupita tangu ulipobaleghe na hukuzilipa, zikadirie kwa unavyokumbuka, uzilipe.

Kuhusu kisimamo cha usiku, kiache kidogo. Imamu Malik amepokea katika Muwatta, kitabu chake cha hadithi, kuwa Sayyidna Umar hakumwona Sulayman bin Abi Hathma katika swala ya asubuhi. Akamuuliza mama yake, Shifaa, naye akajibu kwamba kijana alikesha akiswali, macho yakamshinda. Umar akasema kuhudhuria swala ya asubuhi kwa jamaa kunampendeza zaidi kuliko kusimama usiku kucha. Kwa hiyo simamisha faradhi kwanza, sunna zitakuja. Saumu zako sikukatazi, ila ukiona zinakudhoofisha darasani, siku tatu kila mwezi zinakutosha kwa sasa.

Mtume alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha. Basi ukishaswali Isha na kudurusu, saa tatu na nusu mkabidhi mama simu mkononi mwake. Usiiweke chini ya mto, utashindwa, hata watu wazima tunashindwa. Tawadha, soma Ayatul Kursiyyu, saa nne uwe umelala. Usingizi utakaopungua, ufidie sehemu yake kwa kailula, yaani usingizi mfupi wa mchana, wa nusu saa ukirudi shule.

Na leo hii, kabla hujafanya lolote katika hayo, nenda kwa mama ukamtake radhi. Kesho akigonga mlango mwitikie, "Naam, mama," kisha uamke.

Wallahu aalam.