Budha, deni na simu za marejesho: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umesema uko kitengo cha marejesho kwenye kampuni ya mikopo ya simu, roho inakusuta kila ukitoka zamu, na unauliza kama mafundisho ya Budha yanamfaa mtu wa kazi kama hiyo au ni ya watawa tu. Waliotangulia kukujibu wamekushauri upakue programu ya kutafakari, uwe unavuta pumzi kabla ya kila simu. Mimi nimefanya kazi hiyo hiyo hapa Dar, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda hekalu la Wabudha la Upanga, lile lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne iliyopita. Ningekushauri uanzie kwingine.

Kutuliza pumzi kunasaidia, sikatai. Ila kwenye njia ya Budha yenye sehemu 8, uangalifu wa akili unatajwa wa 7. Kabla yake kuna usemi sahihi, matendo sahihi na njia sahihi ya kutafuta riziki. Mtu akitafakari vizuri asubuhi, halafu akampigia shemeji wa mkopaji kumtangazia deni, kutafakari huko kumemtuliza yeye peke yake. Anayedaiwa bado ameaibishwa ukweni.

Na Budha madeni aliyajua. Kwenye Ina Sutta, yaani hotuba yake kuhusu deni, anapanga mateso ya mtu wa kawaida moja baada ya jingine: umaskini, kisha kukopa, kisha riba, kisha kudaiwa, kisha kuandamwa, kisha kufungwa. Alitumia mlolongo huo kuelezea mtu aliyeishiwa matendo mema, lakini wasikilizaji wake walimwelewa kwa sababu maisha hayo waliyaona mtaani kwao, kama sisi tunavyoyaona ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Mahali pengine, akizungumza na mfanyabiashara tajiri Anathapindika, anataja furaha 4 za mwenye nyumba, na mojawapo ni kutodaiwa na mtu yeyote, deni kubwa wala dogo. Kwa hiyo mtu unayempigia simu yuko katikati ya jambo ambalo Budha mwenyewe aliliita mateso. Mimi hilo ndilo lililobadilisha namna ninavyoshika simu.

Sasa njoo kwenye meseji zenyewe. Kuna hotuba fupi ya Budha inayosema neno lililosemwa vizuri lina sifa 5: limesemwa kwa wakati wake, ni la kweli, ni la upole, lina manufaa, na limetoka kwenye moyo wa nia njema. Nilikaa na kiongozi wa timu yetu tukaipima meseji tuliyokuwa tunapewa tuitume: "UMEKAIDI KULIPA. USIPOLIPA LEO TUTAWAJULISHA NDUGU ZAKO WOTE NA HATUA ZA KISHERIA ZIMEANZA." Ilikuwa inatoka saa tano usiku, saa ambayo hata mwenye nia ya kulipa hana pa kupata hela. Hatua za kisheria hazikuwa zimeanza, huo ni uongo mtupu. Neno "umekaidi" linamhukumu mtu ambaye huenda yuko wodini na mtoto. Upole na nia njema hatukuwa na haja hata ya kuvijadili.

Tukaandika nyingine: "Habari. Marejesho yako yalipaswa kufika Ijumaa. Kama mambo yamebana, jibu 1 tupange tarehe nyingine. Ukipanga leo, riba haitaongezeka." Kabla haijatumwa nikamuuliza mhasibu kuhusu hiyo sentensi ya mwisho. Akasema mfumo unaendelea kuhesabu riba hata tarehe ikipangwa upya. Tukaifuta. Ilikuwa sentensi tamu kuliko zote na ndiyo ingevutia watu wengi, ila haikuwa kweli. Meseji ikaanza kutoka saa nne asubuhi. Wapo waliolipa, wapo ambao hawakulipa, lakini watu walianza kupokea simu zetu na kueleza hali zao, na ukishajua hali ya mtu unaweza kupanga naye kitu kinachowezekana.

Suala la kupigia watu waliomo kwenye simu ya mkopaji, hapo kataa, na sheria iko upande wako. Benki Kuu yetu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huo ikafungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya, kanuni za 2022 zinakataza vitisho, matusi na kuwatafuta watu wa kwenye orodha ya simu ya mdaiwa.

Matusi utakayotukanwa wewe, hayo yapo. Budha anasema asiyefundishwa akichomwa mshale mmoja hujichoma na wa pili: maumivu, halafu kuyalilia. Mteja akinitukana nilikuwa nakata simu, nasimama, nakunywa maji, ndipo napiga nyingine. Hapo ndipo pumzi inapofaa. Na meneja naye ana wajibu wake: kwenye Sigalovada Sutta mwajiri anaambiwa ampangie mtu kazi kwa kadiri ya nguvu zake, amlipe, amuuguze akiumwa na ampe mapumziko.

Kuhusu dini yako usiogope. Mimi ni Mkristo, na pale Upanga hakuna aliyewahi kuniambia niache kanisa.

Sasa je, kazi yenyewe ni halali? Budha alitaja biashara 5 ambazo mfuasi aziepuke: silaha, viumbe hai, nyama, vileo na sumu. Kukopesha hakumo. Ila alipoeleza riziki isiyo sahihi alitaja pia udanganyifu, kudhalilisha watu, na kuitumia faida kuwindia faida nyingine. Kwa hiyo uliza ofisini kwenu kamisheni yako inatoka wapi. Ikitoka kwenye mkopo uliorudi, baki, pigania meseji nzuri. Ikitoka kwenye faini za kuchelewa, basi mkopaji akizidi kuzama wewe ndiyo unazidi kulipwa, na hapo mimi ningeanza kutafuta kazi nyingine wiki hii hii, hata kabla ya mshahara wa mwisho wa mwezi.